Miaka Sitini ya Chuo Kikuu cha Kisii, na Vichwa Vilivyowapa Wengine Uprofesa

Mwaka 1965, Kenya ikiwa bado haijatimiza miaka miwili ya uhuru, Baraza la Kaunti ya Gusii lilitenga hektari 61 za ardhi na kuzitoa bure ili kijengwe chuo cha walimu wa shule za msingi. Anayeijua Gusii anajua uzito wa zawadi hiyo. Huku ardhi hugawanywa kati ya ndugu mpaka urithi wa kitindamimba unabaki migomba michache, mistari ya majani chai na kijia cha kupitia ng'ombe mmoja. Kutoa hektari 61 kwa vijana ambao hakuna aliyejua watakuwa watoto wa nani ilikuwa imani kubwa, na imani hiyo imelipa. Chuo kile sasa ni Chuo Kikuu cha Kisii, na mwaka 2025 kilitimiza yubile ya almasi.

Safari yake wengi wanaijua. Mwaka 1983 kilipandishwa hadhi, kikaanza kuwafunza walimu wa sekondari. Mwaka 1994 Serikali ikakikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Egerton kiwe bewa lake. Agosti 2007 kikawa chuo kishiriki, na Februari 6, 2013, kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Miaka mitatu baadaye kilionja uchungu wa kukua haraka kuliko mifuko: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza mabewa yake kumi yafungwe. Ulikuwa wakati ambapo vyuo vya umma vilifungua bewa popote palipokuwa na ghorofa ya kukodi juu ya duka. Hatuoni haya kulitaja hilo katika siku ya furaha. Chuo kilirudi nyumbani, kikajipanga, na leo miongoni mwa wanafunzi wake wamo wa udaktari wanaojifunza kazi yao katika wodi za Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ng'ambo tu ya mji.

Ni hao wanafunzi wa udaktari waliotufanya tuchague kuzungumzia kichwa. Wengine watasifu walimu waliotoka hapa, na ni haki yao, maana shule ngapi za Kusini mwa Nyanza zingekuwa na mwalimu wa hisabati bila chuo hiki? Sisi tunataka kuzungumzia fuvu na kilichomo ndani yake, kwa sababu katika jambo hilo Gusii haikungoja chuo.

Kabla ya hospitali, kabla ya Mzungu kupiga hema Bosongo, ulipo mji wa Kisii leo, palikuwa na watu huku waliofungua mafuvu ya watu hai, na wagonjwa wao wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Waliitwa ababari, na mmoja wao omobari. Mgonjwa wao wa kawaida alikuwa mtu aliyepigwa rungu katika ugomvi au aliyeanguka kutoka mtini. Kidonda cha nje kilikuwa kimepona, lakini kichwa kiliendelea kumuuma miezi na miezi. Omobari alikipapasa kichwa akitafuta mahali penye ufa au palipobonyea. Alichana ngozi, akaifunua, kisha akaanza kuparua mfupa kwa kisu kilichopinda, pole pole, mpaka akaufikia utando mgumu unaoufunika ubongo. Hapo alisimama. Kanuni kuu ya kazi yake ilikuwa kutoutoboa utando huo. Damu ilizuiwa kwa dawa za miti. Nusukaputi haikuwapo, mgonjwa alishikwa na jamaa zake, au alijikaza mwenyewe, na kazi yenyewe iliweza kuchukua saa kadhaa.

Ukimuuliza daktari wa leo kwa nini wengine walipona, atakutajia vipande vya mfupa vinavyozama na kuugandamiza ubongo, na damu inayovilia kati ya fuvu na utando. Yote mawili ni dharura katika hospitali yoyote, na boda boda zetu zinahakikisha kwamba hayapungui. Atakueleza pia, na yafaa asikilizwe, kwamba wengi waliopasuliwa kwa maumivu ya kichwa tu hawakuhitaji kisu. Katika maandiko ya karne iliyopita yumo mzee mmoja aliyerudi kwa ababari mara nyingi, akaondolewa sehemu kubwa ya fuvu, na baadaye ikambidi avae kofia ngumu ili aulinde ubongo uliobaki bila paa. Aliishi. Kuishi kwake ni sifa kwa mikono ya waliompasua. Kupasuliwa mara zote hizo ni jambo la kuulizwa.

Mwaka 1985 David Furnas, mpasuaji wa Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha makala kuhusu ababari katika jarida la wapasuaji wa nchi yake. Waliripoti kwamba vifo vilikuwa vichache na wagonjwa waliridhika. Tusiwe wepesi wa kujivuna. Waliohesabiwa ni wale walioweza kufikiwa na watafiti, na makaburi hayajazi hojaji. Hata hivyo, jarida la kisayansi lilikuwa limekiri kwamba ufundi huu ulikuwa na mpango, tahadhari na kanuni, na kwamba aliyeujua alikuwa ameufundishwa na mtu.

Sasa tazama wasomi wakubwa walikuwa wakisema nini wakati ababari wakiwa kazini. Huko Paris mwaka 1867, Paul Broca, yule ambaye sehemu ya ubongo inayoongoza usemi ina jina lake, alilichunguza fuvu la kale kutoka Peru lenye tundu la pembe nne na kutangaza kwamba aliyepasuliwa alikuwa hai wakati wa kupasuliwa. Haikuwa rahisi kwa wasomi wenzake kukubali kwamba watu wa Peru ya kale waliweza kazi hiyo. Hakuna aliyewaambia kwamba kulikuwa na milima Afrika Mashariki ambako jambo hilo halikuhitaji fuvu la kale kulithibitisha.

Nairobi nayo ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza matokeo ya uchunguzi wake wa bongo 100 za wanaume Waafrika. Alidai kwamba gamba la ubongo wa Mwafrika ni jembamba kuliko la Mzungu, na waliotaka kuamini waliamini. Kisha akaja J. C. Carothers, msimamizi wa Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, kuanzia 1938 hadi 1950. Huyu aliandika kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba tabia yake inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu Mau Mau, na mkoloni akapata alichokitaka: uasi ukawa ugonjwa.

Hapo ndipo historia inapofanya mzaha wake. Miaka ya 1950 hiyohiyo, hospitali hiyohiyo ya Mathari ilikuja kusimamiwa na daktari wa akili kutoka Kanada, Edward Margetts. Huyu alikuja Kisii akawatafuta ababari, akawatazama, akawahoji, akakusanya habari za vyombo vyao. Sura aliyoandika kuhusu upasuaji huu katika kitabu cha mwaka 1967 cha magonjwa ya kale inatajwa hadi leo na kila anayeandika historia ya upasuaji wa ubongo. Kwa hiyo kutoka ofisi moja ya Nairobi ulimwengu uliambiwa kwanza kwamba ubongo wa Mwafrika umelala, kisha ukaambiwa kwamba takriban kilomita mia tatu kutoka hapo kuna Waafrika wanaofungua mafuvu kwa mikono isiyotetemeka. Hatujui kama karani aliyepiga chapa barua za mabwana hao wawili aliwahi kucheka. Tungekuwa sisi, tungecheka.

Na si mafuvu tu. Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani, alifika Gusii miaka ya 1950 na kurudi miaka ya 1970 kutazama jinsi akina mama wa huku wanavyolea watoto wachanga. Mwaka 1994 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima kilichomweka mama wa Gusii mkabala na mama wa Boston, kikieleza kwa nini wa huku humbeba na kumtuliza mtoto zaidi ya kumsemesha, na kwa nini huo si uzembe. Ni kazi nzuri, na yenye heshima. Lakini mtu mzima anayesoma orodha hii anaanza kuona mwelekeo. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika sayansi ya akili na ubongo, mgeni alikuja Gusii akapona yeye: Mkanada akapata sura ya kitabu, mpasuaji wa Marekani makala, na wa tatu akapata mada ya kumtosha maisha yake yote ya chuoni. Hatuwadai. Walikuja, wakafanya kazi, wakaandika walichokiona, na bila wao leo tusingekuwa na ushahidi wa kuwajibu akina Carothers. Tunachosema ni kwamba chuo chenye umri wa miaka sitini kimekwisha kukua vya kutosha kutaka cheo cha uprofesa kibaki nyumbani.

Kenya imeshapita njia hii mahali pengine. Mwanzoni upasuaji wa ubongo katika hospitali zetu ulifanywa na Peter Clifford, ambaye fani yake ilikuwa masikio, pua na koo. Akafuata Renato Ruberti, Mwitaliano wa Napoli. Mwaka 1972 Jawahar Dar akaja kutoka India kujenga kitengo cha Hospitali ya Kenyatta. Gerishom Sande ndiye Mkenya Mwafrika wa kwanza kurudi na ujuzi huo, baada ya kusomea Belfast. Ilichukua mpaka mwaka 2006 kwa mpango wa kuwafunza wapasuaji wa ubongo humu humu nchini kuanza. Miaka hiyo yote, daktari kijana aliyetaka kichwa ilimbidi akate tikiti ya ndege.

Mpasuaji, hata hivyo, angalau wananchi wanamwona. Mwanasayansi wa ubongo anayebaki maabarani hana anayempigia vigelegele, na huyo ndiye tunayemwombea nafasi Kisii. Maisha yake ya kitaaluma ni marefu na hayana ngoma. Baada ya shahada ya kwanza kuna uzamili, kisha uzamifu, na kuanzia hapo ngazi inayopandwa kwa makala: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Asubuhi anafundisha anatomia darasa lililofurika. Mchana anasahihisha tasnifu za watu wengine. Usiku, ikiwa umeme upo, anakata ubongo uliokaa wiki kadhaa katika formalini uwe vipande vyembamba kuliko karatasi, anavitia rangi, anavitazama kwa hadubini na kuhesabu. Mwaka 2025, zaidi ya hayo, wahadhiri wa vyuo vya umma walianza mgomo mwezi Septemba wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Ukimwambia kijana mwenye alama nzuri kwamba atasoma miaka kumi na miwili ili baadaye adai mshahara wa miaka minane iliyopita, usishangae akichagua kuuza nyumba Nairobi.

Kuna wanaosema sayansi ya aina hii ni ya matajiri na Kisii haiwezi. Tunawajibu kwa mfano wa Suzana Herculano-Houzel. Akiwa mhadhiri kijana Rio de Janeiro, bila mashine za mamilioni, alibuni njia ya kuusaga ubongo uwe supu na kuhesabu viini vya seli vinavyoelea humo. Kwa njia hiyo, mwaka 2009 yeye na wenzake walirekebisha hesabu iliyokuwa vitabuni kwa miaka mingi: ubongo wa binadamu una takriban seli bilioni 86 za neva, si bilioni 100 kama tulivyofundishwa. Chuo kisicho na fedha kilichopata mtu mwenye swali zuri kiliwasahihisha wenye fedha.

Swali zuri Gusii inalo, na ni zito kuliko hesabu ya seli. Mei 2008 watu 11, wengi wao akina mama wazee, waliuawa na nyumba zao kuchomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyohiyo. Katikati ya miaka hiyo na kabla yake kuna wengine ambao hawakufika magazetini. Wivu, fitina na ugomvi wa mashamba vimetajwa kila mara, na hakuna anayepaswa kuvificha nyuma ya ugonjwa wowote. Lakini tafakari mambo ambayo humfanya bibi mzee ashukiwe. Alionekana usiku akitembea peke yake. Alikutwa alfajiri langoni pa watu, asiweze kueleza alifikaje. Anazungumza na watu waliokufa zamani. Amemsahau mjukuu wake na kumwita jina la mwingine. Amevua nguo. Kila moja ya dalili hizo imeandikwa katika vitabu vya udaktari chini ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, na hakuna hata moja inayohitaji tunguri.

Inasikitisha kwamba kwa muda mrefu maradhi haya yalidhaniwa kuwa ya Wazungu. Julius Ogeng'o, mwanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye baadaye alikuwa naibu wa makamu wa chansela, ni mmoja wa waliokwenda kuangalia. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo za wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila kuonyesha dalili za kupoteza akili, wakazilinganisha na za Wamarekani. Katika baadhi ya bongo hizo za Waafrika walikuta mabaka yaleyale ya protini ya amiloidi yanayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Miaka 62 baada ya Vint kuzipima bongo za Wakenya ili kuthibitisha kwamba ni pungufu, Mkenya alizitazama na kukuta zinazeeka kama za watu wengine. Tunataka habari hiyo ifundishwe kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari Kisii, ikiwezekana siku ileile anapokabidhiwa koti jeupe.

Jirani zetu wa Tanzania wamepiga hatua nyingine. Katika Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakakuta kwamba karibu watu 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana maradhi haya. Kwa kuwa wazee wengi hawakuwahi kushika kalamu, vipimo vya Ulaya vinavyomtaka mgonjwa achore au aandike havikufaa. Likaundwa jaribio ambalo ndani yake mzee anapewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Njiti za kiberiti! Bei yake haifiki ya kikombe cha chai ya mkandaa Keroka. Kinachokosekana katika kaunti mbili za Gusii, Kisii na Nyamira, si chombo. Anakosekana mtu ambaye kazi yake ni kukaa na wazee wetu miaka kumi, ishirini, akiwapima, akiwafuatilia, akiandika, na akienda baraza la chifu kusema kwamba mama fulani ni mgonjwa na anahitaji binti wa kumwangalia usiku.

Mtu huyo ni cheo katika chuo kikuu. Aajiriwe kwa kudumu, si kwa kibarua cha muhula, na apewe muda wa utafiti usiomezwa na vipindi vya kufundisha. Aanze na kliniki ya kumbukumbu upande wa Nyamira, ambako wazee wengi huishi mbali na hospitali ya rufaa na nauli ya matatu hadi mjini ni hesabu ya wiki nzima. Kliniki hiyo haihitaji jengo jipya wala utepe wa kukatwa na gavana. Inahitaji chumba, muuguzi anayezungumza Ekegusii, daktari siku moja kwa juma, na daftari linalotunzwa.

Kuhusu ababari, sheria ipo tayari. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na imezipa serikali za kaunti jukumu la kutunza rejista ya maarifa hayo. Familia ambazo bado zinakumbuka kazi hii zifuatwe kwa heshima, zirekodiwe zikikubali, na dawa zao za kuzuia damu ziandikwe kwa jina la wenyewe kabla hazijapelekwa maabara yoyote. Safari hii kanda zibaki kwenye maktaba ya Kisii, na mwenye kuzihitaji kutoka Boston au Kanada aandike barua ya kuomba.

Kwa taratibu za fedha za umma, kila kaunti inapaswa kuwasilisha waraka wake wa mkakati wa fedha katika bunge lake kufikia Februari 28, baada ya kusikiliza maoni ya wananchi. Vikao vya maoni hutangazwa kwenye ofisi za wadi. Chuo kipeleke mtu kwenye vikao vya kaunti zote mbili, na ajitambulishe kuwa ametumwa kuzungumzia ubongo.